Kipupwe kisitufungie ndani, tubadilishe saa na mavazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalojirudia hapa Mwanza kila ifikapo Juni, nalo ni watu wazima kwa watoto kuacha kabisa kutembea, kukimbia na kucheza nje kwa madai kwamba baridi imezidi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Nyegezi, na kwa miaka sita sasa nimekuwa katika kikundi kidogo cha matembezi ya alfajiri ambacho siku za kazi hutembea hadi Mkolani na kurudi, na Jumamosi hupita Malimbe na kuteremka hadi Luchelele, kando ya Ziwa Viktoria. Mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea na tope limetufika vifundoni, tulikuwa watu 23. Jumamosi iliyopita tulikuwa watano, na mmoja wa hao watano alikuwa amekuja kutuaga tu, kwamba tusimtarajie tena mpaka Septemba.

Ukisoma ujumbe unaotumwa siku hizi katika kundi letu la WhatsApp utadhani sote tumehamia Makete. Huyu anaeleza kwamba vidole vimekufa ganzi, yule kwamba mama mkwe amemkataza kutoka kabla ya jua, na wa tatu anatuma picha ya kikombe cha chai ya tangawizi kilichowekwa juu ya blanketi. Vipimo havituungi mkono. Alfajiri ya Julai joto la Mwanza kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 15 au 16 za Selsiasi, na mchana hupanda tena hadi nyuzi 27 au 28, hali ambayo ndugu zetu wa Makete na Njombe, ambako miezi hii sakitu, yaani umande ulioganda, huweza kutanda juu ya majani ya viazi, wangeiona kuwa siku nzuri ya kufua mablanketi. Hata hivyo sipendi kumcheka mtu kwa kuhisi baridi, kwa maana baridi ya kwetu ina sababu zake, na asiyezijua hawezi kuikwepa.

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vingi vya jiji viko juu zaidi ya hapo, vimepanda miamba. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika, anga hubaki jeupe usiku kucha, na joto lililoingia ardhini mchana hupaa bila wingu la kulizuia. Juu ya hilo huja upepo wa kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani huuita kusi. Kisha kuna upepo wetu wenyewe wa nyumbani. Ardhi hupoa upesi kuliko maji, na wakati hewa ya Buhongwa imeshafika nyuzi 15, maji ya ziwa bado yana nyuzi 24 au 25, kwa hiyo hewa baridi ya vilimani huteremka usiku kuelekea ziwani, na mchana mambo hugeuka, upepo ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Mvuvi wa tanga hahitaji mwalimu wa jiografia kumweleza jambo hilo, kwani ndilo linalomtoa na kumrudisha. Sisi watembeaji tulichelewa kulitia akilini, na mimi binafsi nililipia kuchelewa huko.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai, mwaka juzi. Tulitoka Nyegezi saa 11:30 alfajiri, nikiwa nimevaa fulana ya pamba na juu yake sweta zito la sufu, tukatembea kwa kasi kuelekea Luchelele huku upepo ukitusukuma mgongoni, hivi kwamba hatukuuhisi kabisa. Tulipofika ufukweni fulana ilikuwa imelowa chapachapa, na kwa kuwa nilijisikia joto nilivua sweta, nikaketi juu ya jiwe kumsikiliza mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu zake. Hadithi yake ilikuwa tamu na sikuhesabu dakika. Baada ya kama robo saa nilianza kutetemeka, na nilipoinama kufunga kamba ya kiatu vidole vilikataa kunitii, kamba ikaniponyoka mara tatu. Yule mzee alinitazama, akaiweka chini sindano yake ya nyavu, akaingia katika kibanda na kutoka na sweta lake lililokuwa linanuka dagaa. "Mwalimu, vua kwanza hiyo fulana," aliniambia. "Baridi haijakufanya kitu. Ni jasho lako linalokumaliza." Nilivua mbele ya watu, mzee mzima, nikavaa sweta la mvuvi juu ya ngozi tupu, na safari ya kurudi, ambayo sasa ilitulazimu kuukabili upepo ule ule uliotusukuma wakati wa kwenda, niliimaliza nikinuka kama kichanja cha dagaa cha mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, lakini sikutetemeka tena.

Siku tatu baadaye nilishikwa na mafua, na mtaa mzima ukaona umepata ushahidi. Jirani yangu, mama ninayemheshimu sana, alisimama uani kwetu akaniambia kwamba nilikuwa nakitafuta kichomi kwa mguu wangu mwenyewe. Sikumbishia, maana ugonjwa humnyima mtu haki ya kujitetea, ila nilijua kwamba mjukuu wetu alikuwa akipiga chafya ndani ya nyumba ile ile tangu Jumatano, kabla hata sijaenda Luchelele. Mafua husababishwa na virusi, na virusi hao humpata mtu kwa urahisi zaidi pale watu wanapojazana katika chumba kilichofungwa madirisha, yaani hasa pale tunapokimbilia kujificha baridi. Na kwa kuwa nimetaja vyumba vilivyofungwa, niseme hapa hapa kwamba familia inayoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa kipupwe imejiweka katika hatari kubwa kuliko mtu yeyote anayetembea nje na fulana, kwa sababu mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala huweza kufa bila kuzinduka.

Maneno ya yule mzee wa nyavu yalinifanya nifikiri kuliko mafua yenyewe. Misuli ya binadamu ni mashine yenye hasara: katika kila sehemu nne za nishati inayotumia, takriban tatu hugeuka joto, na moja tu ndiyo inayosogeza mwili mbele. Hasara hiyo ndiyo jiko letu la kutembea nalo. Mtu akitembea kwa mwendo wa haraka kwa dakika kumi, hata akiwa ameanza akitetemeka, huona mwili umepata moto, na ndiyo sababu mashindano makubwa ya marathoni duniani hupangwa katika majira yenye ubaridi, Berlin mwezi Septemba na New York mwezi Novemba, ili joto hilo la mwili lipate pa kutokea. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika pwani ya mashariki ya ziwa hili hili, alishinda Berlin mwaka 1987 na tena mwaka 1988. Mtanzania mwenzake, Juma Ikangaa, alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Baridi inayotufanya sisi tujikunyate, kwao ilikuwa hali ya hewa ya kazi. Vijana wa hapa wanaokusudia kukimbia Rock City Marathon, ambayo kwa kawaida hufanyika jijini mwetu baadaye katika mwaka, wanapaswa kujua kwamba miezi ya kujijenga ni hii hii ambayo wengine wanaitumia kulala.

Hatari basi haiko katika hewa baridi peke yake, iko katika hewa hiyo ikikutana na maji na upepo. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye joto lile lile, na upepo ukivuma juu ya nguo iliyolowa, jasho hugeuka mvuke na kuondoka na joto jingine zaidi. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na ndiyo maana fulana yangu nzuri ya pamba ilinigeuka pale ufukweni. Joto la ndani ya mwili wa binadamu ni karibu nyuzi 37, na likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaingia katika hatari ya kweli, ambayo dalili zake za mwanzo ni kutetemeka, vidole kupoteza ustadi na ulimi kuwa mzito. Kwa mtembeaji wa Nyegezi si rahisi kufika huko, ila kwa mvuvi aliyetumbukia ziwani usiku akakaa majini saa nyingi, hata maji yetu ya nyuzi 24 yanatosha kumfikisha, na kwa hiyo yeye anayetetemeka akinyamaza kutetemeka kabla hajapashwa joto, wenzake wasifurahi kwamba amepona, wamkimbize hospitalini.

Kuhusu mavazi nimejifunza mengi katika vibanda vya mitumba pale Mlango Mmoja kuliko mahali pengine popote. Nguo za baridi za Ulaya zinaishia kwetu kwa bei ambayo aliyezitengeneza angelia, lakini ni lazima ujue unachotafuta. Mwenzetu mmoja katika kikundi, mtu wa heshima zake, alinunua koti nene lenye manyoya ndani na kofia ya kuvutwa, koti ambalo bila shaka lilishonwa kwa ajili ya nchi ya theluji, akaja nalo siku ya Jumatatu akijisifu. Kufika kona ya kwanza ya Mkolani jasho lilikuwa linamtiririka usoni kama anayepika ugali wa harusi, na aliporudi nyumbani nguo zake zote za ndani zilikuwa zimelowa, hali ambayo ndiyo ile ile iliyonitesa mimi Luchelele. Tangu siku hiyo tunamwita Mzee Theluji, na namshukuru kwa kutoligombania jina hilo.

Kinachofaa ni nguo nyepesi kadhaa unazoweza kuvua moja moja. Ndani kabisa, pale penye ngozi, jezi ya mpira ya kitambaa kile chepesi kisichonywa maji ni bora kuliko fulana ya pamba. Juu yake sweta jepesi, na juu ya yote koti jembamba la kuzuia upepo, lenye zipu, ambalo mimi nilinunua kwa shilingi 6,000 baada ya mabishano marefu. Akina mama wa kikundi huvaa taiti chini ya sketi na kujitanda khanga kichwani na masikioni, nao wanatushinda kwa maarifa, kwa sababu khanga hufunguliwa na kufungwa kiunoni mara mtu anapopata moto. Kipimo changu cha kutoka nyumbani ni kwamba mlangoni nihisi ubaridi kidogo. Nikihisi joto la raha nikiwa bado nimesimama kizingitini, najua nimevaa kupita kiasi. Kisha kuna kitu ambacho watembeaji wengi hawakibebi, nacho ni nguo kavu ya kubadilisha. Yangu naitia katika mfuko wa nailoni, naifunga kiunoni, na siketi juu ya jiwe lolote la ziwa hili kabla sijaivaa.

Sasa nifike kwenye saa, ambalo kwa maoni yangu ndilo kosa letu kubwa, na linatokana na mazoea ambayo hatujawahi kuyahoji. Watu wengi wa mazoezi hapa wanaamini kwamba mazoezi ya kweli ni ya saa 11 alfajiri, kama ilivyokuwa katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Lakini saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti hata kidogo katika nchi yetu, umepita mbali baharini, ilhali Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Kila nyuzi moja ya dunia ni dakika 4 za jua. Tofauti ya nyuzi 12 ni dakika 48, na kwa hiyo saa ya ukutani inapotuambia ni saa 12 kamili asubuhi, jua linasema ni saa 11 na dakika chache. Ndiyo maana mwezi Juni na Julai jua letu huchomoza kati ya saa 12:45 na saa 12:55 asubuhi, wakati Dar es Salaam limekwisha kuonekana zaidi ya robo saa kabla. Anayetoka Nyegezi saa 11 katika mwezi wa Julai anatoka usiku, na kwa kuwa baridi ya usiku hufikia kilele chake karibu na macheo, anatembea kuelekea katikati ya baridi badala ya kutoka ndani yake.

Faida ya mpangilio huo wa saa iko jioni, na hatuitumii. Jua la Julai hapa huzama kabla kidogo ya saa 1 usiku, kwa hiyo mfanyakazi anayefika nyumbani saa 11 jioni ana karibu saa mbili za mwanga, ardhi ikiwa bado ina joto la mchana. Huyo hana sababu ya kujitesa alfajiri. Mstaafu kama mimi, mama wa nyumbani na kijana anayesubiri ajira wanaweza kutoka saa 1:15 asubuhi, jua likiwa limeshachomoza na kuanza kupasha migongo. Nimewahi kuambiwa kwamba saa hiyo ni ya wavivu. Aliyeniambia hajaonekana barabarani tangu tarehe 10 Juni.

Giza lenyewe lina hatari ambayo baridi huizidisha. Dereva wa bodaboda wa alfajiri ya kipupwe huinamisha uso kukwepa upepo, macho yanamtoka machozi, na mtembeaji aliyevaa koti jeusi, dereva huyo humwona akiwa ameshamfikia. Kwa wale ambao kazi zao haziwaruhusu saa nyingine, ombi langu ni kwamba wavae kizibao cha rifleta kama vile wanavyovaa hao hao madereva, watembee upande wa kulia wa barabara ili magari yanayowakaribia wayaone kwa uso, na wasizibe masikio yote mawili kwa spika za simu.

Upepo nao una adabu zake. Tangu yale ya Luchelele tumebadilisha njia kwa kufuata kanuni ambayo wakimbiaji wa nchi za baridi wanaijua siku nyingi, kwamba uanze safari ukiukabili upepo ungali mkavu, na urudi ukiwa umelowa jasho huku upepo uko mgongoni. Kwa sisi wa Nyegezi maana yake ni kwamba mapema asubuhi tunaanza kwa kupanda kuelekea Mkolani na Buhongwa, ambako upepo wa nchi kavu unatoka, na Luchelele tumeiacha kwa matembezi ya jioni, upepo wa ziwa unapotupiga usoni wakati wa kwenda. Wenzetu wa Kirumba, Pasiansi na Ilemela watapanga kwa namna yao, kwa kuwa vilima na ghuba za kule haziko kama za kwetu.

Wapo ambao hawapaswi kuchukua maneno yangu juu juu. Mimi mwenyewe nina presha, na najua kwamba baridi huibana mishipa ya damu ya ngozi, mikono na miguu, ili joto libaki ndani, na kubanwa huko huupandisha msukumo wa damu. Mtu mwenye presha au ugonjwa wa moyo akirushwa kutoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye mteremko wa Bugando anauomba moyo kazi mbili kwa mpigo. Nyumbani kwangu napasha mwili ndani ya ua kwa dakika kumi, nikizungusha mabega, nikipanda na kushuka ngazi mbili za baraza, na kufanya mchakamchaka wa papo hapo mpaka mke wangu aulize kutoka jikoni kama nimerudi kuwa kijana, ndipo nifungue geti. Dawa sikuruki. Mwenye pumu naye ajue kwamba hewa baridi na kavu, ikichanganyika na vumbi la miezi hii, huweza kumbana kifua. Apumue kwa pua, azibe mdomo na pua kwa kitambaa chepesi, aanze taratibu, na dawa yake ya kuvuta isibaki nyumbani. Na sote tunywe maji hata kama kiu haipo. Baridi hupunguza hamu ya maji na wakati huo huo hutuongezea haja ndogo, kwa kuwa damu iliyokimbizwa kutoka kwenye ngozi kuingia ndani huyafanya mafigo yaone kwamba maji yamezidi.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, yaani kutoka Nyegezi kuelekea Mkolani na kurudi bila kupita dukani. Anayefanya hivyo miezi tisa na kuacha mitatu hupoteza sehemu kubwa ya alichopata, na Septemba huanza upya akiwa na magoti yanayolalamika. Hilo nimeliona kwa wenzangu kila mwaka. Mwaka 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Jumamosi hizo za Juni, Julai na Agosti zimo pia katika kalenda.

Suala la watoto linanigusa zaidi kwa sababu nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka 34. Enzi zetu mchakamchaka ulikuwa kabla ya gwaride, tukiwa na kaptura na miguu mitupu, umande ukitulowesha hadi magotini, na nyimbo zilitupasha joto kuliko sweta lolote. Sisemi turudishe kila kitu, kwani kulikuwa na watoto waliokimbia bila kula chochote, na hilo halikuwa jambo la kujivunia. Ninachosema ni kwamba shule zikifunguliwa Julai, mtoto huvikwa sweta, koti na kofia, huingizwa katika basi la shule mlangoni, hukaa darasani, na mapumziko hubaki kibarazani kwa amri ya mzazi. Mtoto huyo hana baridi, ana uchovu wa kukaa. Aachwe akimbie kipindi cha michezo, avue sweta anapopata moto, na alivae tena anapomaliza kabla jasho halijapoa. Mwalimu wa zamu anaweza kulisimamia hilo bila bajeti.

Najua pia kwamba barua hii haiwahusu watu wote wa ziwa hili. Ukipita mwaloni saa 1 asubuhi, siku zile ambazo mwezi mpevu haujawazuia wavuvi wa dagaa kutumia taa zao, utawakuta akina mama wameinama tangu giza, khanga zimefungwa vichwani, wakiwaanika dagaa na kuwageuza, upepo ukiwapiga migongoni. Kuwahubiria hao habari za mazoezi ni kukosa adabu. Wanachohitaji ni kizuizi cha upepo, glavu na mahali pa kunywea uji wa moto.

Kwa sisi tunaokaa maofisini, madukani na vibarazani, ombi langu kwa wenye dhamana ya barabara na viwanja ni dogo. Taa za njia zinazotumiwa na watembeaji ziwake mpaka jua lichomoze kwa saa ya Mwanza, kwa sababu pale tunapopita sisi huzimwa saa 12 kamili, karibu saa nzima kabla ya macheo, na kutuacha gizani. Viwanja vya shule vifunguliwe jioni kwa wakazi wa mtaa chini ya uangalizi wa serikali ya mtaa. Na palipobaki njia ya wazi ya kufika ufukweni pasizibwe, maana kutembea kando ya ziwa jioni ni jambo ambalo watu wa Njombe mjini hawana hata wakilitamani. Kutembea kando, nimesema, si kuingia majini kujipoza miguu, kwa kuwa kichocho hakina likizo ya kipupwe.

Sisi wanne tuliobaki tumekubaliana kwamba kuanzia Jumatatu ijayo tutakutana saa 1:15 asubuhi badala ya saa 11:30, na tutaanza kwa kuelekea Mkolani. Ujumbe umeshatumwa kwenye kundi. Mpaka ninapoandika, kumi na mmoja wamejibu kwamba watakuja, Mzee Theluji ameuliza kama kuna mtu anayetaka kununua koti, na yule aliyetuaga mpaka Septemba hajasema atakuja, ila amenipigia simu kuuliza jezi za Mlango Mmoja zinauzwa bei gani siku hizi.

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza.